Nani Aseme Kinatengenezeka?

Hoja: Bidhaa inayobuniwa ili izalishwe kwa wingi ipitishwe kwanza na programu ya kompyuta inayopima kama mchoro unatengenezeka, ndipo ifike kwa fundi. Mfano ulio mezani ni oveni ya kukaushia samaki kwa moshi, inayotakiwa na wachakataji wa Mbweni na Ununio, Dar es Salaam. Wanaojadiliana ni mhandisi mbunifu, fundi chuma mwenye karakana, mnunuzi anayesemea kikundi cha wachakataji, na mwalimu wa chuo cha ufundi. Mwandishi anauliza.

MHANDISI: Naunga mkono hoja. Kosa likiwa bado kwenye mchoro, gharama yake ni muda wa kufuta na kuchora upya. Kosa hilohilo likishafika kwenye chuma, shiti imekatwa, umeme umetumika, kijana amefanya kazi siku nzima na mteja anapiga simu. Programu hizi huusoma mchoro wa pande tatu, hupitia kila tundu, kila mkunjo na kila kona, na kuweka alama nyekundu mahali ambapo kazi itakwama: tundu limesogea mno kwenye mkunjo, kona ya ndani haifikiwi na kisu cha mashine, plastiki ni nene upande huu na nyembamba upande ule. Mbunifu mzoefu huyaona hayo kwa macho. Mimi sijafika huko, na wengi wa rika langu hawajafika. Kwa nini uzoefu tuulipie kwa chuma kilichoharibika?

FUNDI: Binti, ule mchoro wa oveni ulioniletea ulikuwa umepitishwa na programu?

MHANDISI: Ulipita. Ubavuni hapakuwa na alama nyekundu hata moja.

FUNDI: Ubavu wa oveni yako una upana wa milimita 1,250. Sasa anzia Tegeta mpaka Gerezani, zunguka maduka ya chuma. Shiti utakayouziwa ni ya futi 8 kwa 4, na futi 4 ni milimita 1,220. Nimepungukiwa milimita 30 kila ubavu. Itabidi niunge kipande chembamba kwa urefu wote wa oveni, nichomelee, shiti ipinde kwa joto, niinyooshe kwa nyundo, nipige grainda, na bado moshi utavuja palepale kwenye maungio. Programu ilisema kinatengenezeka. Kinatengenezeka wapi?

MHANDISI: Hapo sina ubishi, mzee wangu. Ulaya shiti ya kawaida ni 1,250 kwa 2,500, na programu ilikuja na kipimo hicho. Lakini nilipoambiwa niliingiza 1,220 kwa 2,440, na tangu hapo haipitishi tena ubavu mpana kuliko shiti ya dukani. Wewe ukinikosoa, umemfundisha mbunifu mmoja. Kanuni ikirekebishwa ndani ya programu, kila atakayetumia faili lile amekwishafundishwa, hata yule asiyekujua.

FUNDI: Na mwalimu wa programu alikuwa nani? Ni mimi, na sikulipwa. Leseni inalipwa kila mwaka, kwa dola, kwa watu ambao hawajui hata Mbweni iko wapi. Elimu nimeitoa mimi na pesa imekwenda kwao. Kesho kijana mwingine atakuja na mchoro, atanyoosha kidole kwenye kioo na kuniambia, "Kompyuta imesema hivi." Nitakuwa nabishana na maneno yangu mwenyewe.

MNUNUZI: Ngojeni kwanza. Mnagombania nani alimfundisha nani, na mimi nina wanawake wanaoamka usiku kupokea samaki. Kikundi chetu kilishawahi kununua oveni kutoka kwa mafundi wa huku kwetu, wala sitawataja. Trei ya oveni hii haiingii kwenye oveni ile. Mlango wa moja ukifungwa vizuri, wa pili unaacha nafasi ya kidole. Trei ikiungua tunabeba oveni nzima mpaka karakana ili trei mpya ipimwe palepale. Nikiagiza sitini, nataka trei yoyote iingie kwenye oveni yoyote. Nani kati yenu ananihakikishia hilo?

FUNDI: Mama, hizo oveni mliziagiza vipi? Moja mwezi huu, moja baada ya miezi miwili, malipo ya awali nusu, na shiti zimenunuliwa maduka tofauti. Unauziwa geji 16, ambayo inatakiwa iwe milimita 1.5, ukipima kwa venia unakuta 1.3, wiki ijayo 1.2. Unene ukibadilika, mkunjo unabadilika, na mkunjo ukibadilika, trei inabadilika. Halafu umeme nao unashuka katikati ya kazi, unachomelea na moto hauingii. Fundi analaumiwa kwa mambo yaliyoanzia dukani na kwenye nguzo ya umeme.

MHANDISI: Hizo ndizo sababu za kutoacha vipimo kwenye kumbukumbu ya mtu. Chukua tundu la bawaba. Mwanzoni nililichora milimita 3 kutoka kwenye mkunjo. Programu ilikataa. Kanuni yake ni kwamba ukingo wa tundu uwe mbali na mkunjo angalau mara mbili na nusu ya unene wa shiti, ukijumlisha na nusu kipenyo cha mviringo wa mkunjo. Kwa shiti ya milimita 1.5 ni zaidi ya milimita 5. Ukikaribia zaidi ya hapo, unapokunja tundu linavutika na kuwa yai.

FUNDI: Mimi ningelitoboa. Nakunja kwanza, natoboa baadaye. Kompyuta inadhani kila mtu anatoboa shiti ikiwa bapa, na mashine ya leza, kisha anakunja. Hiyo ni karakana yao. Yangu ina drili ya mkono.

MHANDISI: Kwa oveni moja, sawa. Kwa oveni sitini utatoboa matundu ya bawaba mia mbili na zaidi, moja moja, kwa drili ya mkono, kwenye shiti iliyokwisha kukunjwa. Niambie kwa ukweli, mzee wangu, yatakuwa yote mahali pamoja?

FUNDI: Kwa jicho la fundi, yatakuwa.

MNUNUZI: Jicho la fundi ndilo lililotupa milango isiyofunga.

MWALIMU: Naomba nitenganishe jambo, kwa sababu naona mnalichanganya, na programu yenyewe inalichanganya. Alama nyekundu ni moja lakini nyuma yake kuna kanuni za aina tatu. Ya kwanza inatoka kwenye chuma chenyewe. Tundu likikaribia mkunjo litavutika, uwe Ujerumani au uwe Boko. Fundi anayelitoboa baada ya kukunja hajaishinda kanuni hiyo, ameikwepa kwa kubadilisha mpangilio wa kazi, na hiyo ni akili. Ya pili inatoka kwenye karakana: upana wa shiti, mashine ya kukunjia iliyopo, kisu kinafika wapi. Hiyo hubadilika ukivuka barabara tu. Ya tatu inatoka kwenye mishahara na bei: kitu gani ni ghali, mkono wa mtu au malighafi. Kwenye kioo hizo tatu zinaonekana kitu kimoja. Mwanafunzi wangu anaziogopa zote kwa woga uleule, na fundi anazidharau zote kwa dharau ileile.

MWANDISHI: Mwalimu, hiyo ya tatu uifafanue. Wengi wetu tulidhani programu hizi ni hesabu tupu za uhandisi.

MWALIMU: Tazama asili yake. Geoffrey Boothroyd, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Marekani, alikuwa akichunguza uunganishaji wa vifaa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts miaka ya 1970. Akaungana na Peter Dewhurst, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaingiza majedwali yao kwenye kompyuta, kisha wakahamia Rhode Island. Mwaka 1991 wote wawili walipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani. Njia yao inahesabu sekunde: kipande kimoja kilichobuniwa vizuri kinapaswa kushikwa na kuwekwa mahali pake kwa sekunde tatu hivi. Halafu wanakuuliza maswali matatu kwa kila kipande. Je, kinasogea huku vingine vimetulia? Je, lazima kiwe cha malighafi tofauti? Je, kisipokuwa peke yake, vipande vingine haviwezi kuunganishwa au kufunguliwa? Ukijibu hapana mara tatu, kipande hicho hakina haki ya kuwa peke yake. Kiunganishe na jirani yake.

Maswali hayo nayafundisha kwa penseli, bila kompyuta. Nimeyapenda tangu nilipoyasoma mara ya kwanza, kwa sababu hayamwombi mtu leseni. Lakini kumbukeni yalizaliwa mahali ambapo sekunde ya mfanyakazi ni pesa nyingi. Kwenye oveni hii ya Mbweni, chuma ndicho kinachokula fedha. Programu inayosifu muundo kwa sababu umeokoa sekunde arobaini za kuunganisha, na haisemi kitu shiti inapobaki na vipande vikubwa vya kutupa, inahesabu umaskini wa mahali pengine.

MHANDISI: Mwalimu, hapo umevuka. Programu ninazozijua zinahesabu pia shiti inavyopangwa na inavyobaki. Ukiijaza bei ya hapa, itakuhesabia kwa bei ya hapa. Na vipande vichache si sekunde tu. Oveni ya kwanza niliyoichora ilikuwa na vipande vingi vya kuchomelea pembeni. Nilipoyauliza maswali yako matatu, kuta mbili na mgongo zikawa shiti moja iliyokunjwa mara mbili. Maungio mawili marefu yakafutika. Mahali pasipochomelewa hapapindi kwa joto, hapavujishi moshi, na kwetu pwani hapaanzi kutu. Chumvi ya Mbweni huanza kula pale rangi ilipoungua.

FUNDI: Hilo la mgongo nalisifu, na nilikusifu siku ileile. Lakini uliendelea. Uliondoa boliti za mlango.

MHANDISI: Boliti nne, nati nne na wosha nane. Vipande kumi na sita kwa kazi ya bawaba mbili! Hakuna hata kimoja kinachojibu ndiyo kwenye maswali matatu. Nikachora bawaba ya kukunja, inayotoka kwenye shiti yenyewe.

FUNDI: Na mlango ukigongwa na mkokoteni, bawaba ikipinda, mama atafanyaje? Boliti ninaifungua kwa spana, naweka bawaba mpya, jioni samaki wanakauka. Ya kwako itabidi nikate mlango. Sisi tunaishi kwa vitu vinavyofunguka. Redio, pasi, jiko la gesi, pikipiki, kila kitu kinachoingia nchi hii kinakuja siku moja kwenye meza ya fundi. Chenye skrubu kinapona. Kilichobanwa kwa meno ya plastiki, ukikifungua umekivunja. Hesabu yao inaishia siku oveni inapotoka karakana. Ya kwangu ndiyo inaanza siku hiyo.

MWALIMU: Fundi amegusa historia yenyewe. Mwaka 1985 IBM ilitoa printa iliyoitwa Proprinter, iliyobuniwa iunganishwe na roboti. Skrubu zikaondolewa, vipande vikashikana kwa kubanana. Kabla yake kampuni ilikuwa ikiuza printa ya Epson iliyochukua kama nusu saa kuunganisha. Hii mpya ikawa dakika tatu hivi. Kilichowashangaza wengi ni kwamba ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mtu wa kawaida aliiunganisha bila shida, kwa hiyo roboti zenyewe zikakosa ulazima. Darasani tunaisimulia kama ushindi, na kweli ni ushindi. Lakini katika maswali yale matatu hakuna linalouliza nani atakirekebisha kikiharibika.

MHANDISI: Swali la tatu linataja kufungua.

MWALIMU: Linataja kufungua ili vingine viunganishwe au viondolewe. Hilo si sawa na kukirekebisha Kilwa Masoko, ambako spana zipo na leza haipo.

MNUNUZI: Mimi nataka boliti. Andikeni hivyo. Wenzetu wa Mafia watanunua pia, na siwezi kuwaambia wapandishe oveni kwenye boti kwa ajili ya bawaba.

MHANDISI: Basi boliti zirudi. Lakini tazameni mlivyofika hapo: mmefika kwa sababu programu iliniuliza kila boliti ina kazi gani, nikalazimika kujibu, nikajibu vibaya, mkanisahihisha. Bila programu boliti zingebaki kwa mazoea tu.

MWANDISHI: Niwarudishe nyuma. Kabla ya kompyuta, ukanda huu ulishawahi kubuni kwa kuzitazama karakana zake. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mkoani Arusha ile mashine ya mkono ya kukamua alizeti, yenye mpini mrefu unaosukuma pistoni. Ilibuniwa ili karakana za hapahapa ziweze kuichomelea na kukereza sehemu chache zinazohitaji usahihi. Mashine ile ikasambaa vijijini na ikavuka mipaka. Hakukuwa na alama nyekundu. Sasa tunahitaji programu ya nini?

FUNDI: Asante, mwandishi. Nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo. Mbunifu alikwenda kwenye karakana, akaona mashine zilizopo, ndipo akachora. Ndiyo njia. Njoo ukae na mimi wiki mbili, shika drili, chomelea, ungua mkono kidogo. Ukirudi kwenye kompyuta yako hutachora 1,250.

MHANDISI: Mzee wangu, naomba niseme jambo ambalo mara nyingi nalinyamazia. Nilipomaliza chuo niliomba kukaa karakana nijifunze. Nilikwenda zaidi ya moja. Nilikaribishwa kiti, nikaletewa soda, nikaambiwa kazi ya chuma si ya binti, nitachafuka, macho yataumia. Wavulana niliosoma nao walipewa glavu siku ileile. Mnasema uzoefu uko karakana, na ni kweli, lakini mlango wa karakana mlikuwa mmeufunga. Programu haikuniuliza mimi ni nani. Usiku, nyumbani, ilinionyesha tundu langu liko karibu mno na mkunjo na sababu yake. Hilo ndilo darasa nililopewa. Mnaponiambia nilitupe nirudi karakana, mnaniambia nirudi mahali ambapo sikuingia.

FUNDI: Kwangu hukuja.

MHANDISI: Sikuja kwako. Nilikuwa nimeshachoka kuomba.

FUNDI: Sitawatetea wenzangu. Yametokea na yanaendelea kutokea. Ila angalia usilipize kosa la watu kwa kuitupa kazi yao. Aliyekunyima glavu hakuwa anajua chuma kidogo kwa sababu ya roho yake mbaya.

MHANDISI: Sijaitupa. Nimesema nahitaji njia ya kuifikia ambayo haitegemei hisani ya mtu.

MWALIMU: Na mimi niongeze upande wangu: ule mfano wa Arusha ulikuwa na wafadhili, magari, na miaka ya kuzungukia karakana. Kijana aliyeko Mbweni na kompyuta ya mkopo hana hivyo. FreeCAD, programu ya kuchorea, ni ya bure, unaipakua kwa bando la usiku. Si haki kumwambia asubiri mradi.

MNUNUZI: Kuna jambo linanitia hofu zaidi ya hayo. Binti alinionyesha tovuti ambazo ukipandisha mchoro zinakupa palepale bei na makosa ya kurekebisha. Ni kitu kizuri. Lakini bei ile ni ya kiwanda chao. Kila sahihisho lililokuja lilikuwa la kuufanya mchoro ufae mashine zao. Ukifuata yote, mwisho unao mchoro ambao fundi wa hapa hauwezi, na wao wanauweza kwa bei nzuri. Nikapiga hesabu ya kontena. Naapa, nilikaribia kushawishika.

FUNDI: Unashikwa mkono kwa upole mpaka mlangoni kwao. Na mchoro wako umeshabaki kwao.

MWALIMU: Imetokea bila hata tovuti. Nairobi, mwaka 1991, Martin Fisher na Nick Moon walianzisha ApproTEC, ambayo baadaye iliitwa KickStart. Pampu yao ya kukanyaga ya kumwagilia, MoneyMaker, ilitoka mwaka 1996. Hawakuishia kubuni pampu. Walibuni na jigi za kuitengenezea, yaani vishikizo vya chuma ambavyo kila kipande kinakaa mahali palepale kabla ya kuchomelewa, wakawafundisha watengenezaji wa Kenya. Wengi tuliona huo ndio mfano wetu. Baadaye uzalishaji ukahamia China. Na kiti cha magurudumu cha kuendeshwa kwa mipini, ambacho Amos Winter wa MIT alianza kukifikiria baada ya kuja Tanzania mwaka 2005: kilitumia minyororo na vipuri vya baiskeli ili fundi baiskeli yeyote akimudu, kikajaribiwa Afrika Mashariki, na kilipofika wakati wa kiwanda, kiwanda kikawa India. Michoro yote miwili ilitengenezeka hapa, na wabunifu walikuwa wamehakikisha. Haikutosha.

MHANDISI: Mkulima alitaka pampu ya bei nafuu na inayofanana na ya jirani yake. Je, tumlaumu mkulima?

FUNDI: Simlaumu mkulima. Namuuliza mbunifu: ulihesabu nini ulipoamua? Karakana iliyofungwa haimo kwenye jedwali la sekunde.

MHANDISI: Haimo, na sidai imo. Lakini oveni isiyofunga nayo haimo kwenye maneno yako matamu ya karakana, mzee wangu, na mama hapa amezilipia.

MWANDISHI: Basi tuseme kanuni za aina ya pili, zile za karakana, ziandikwe za kwetu. Faili moja: shiti zinazouzwa Dar es Salaam kwa vipimo halisi na unene halisi, mashine za kukunjia zilizopo Gerezani na Vingunguti na urefu zinaoweza kukunja, nani ana mashine ya kukereza na kwa kipenyo gani. Mbunifu yeyote anaipakia kwenye programu yake. Tunayo mashirika ya umma ya viwanda na utafiti: SIDO tangu 1973, TIRDO tangu 1979, TEMDO kule Arusha tangu 1980, na COSTECH pale Sayansi. Kazi hii si ya watu binafsi. Nashangaa kwamba mpaka leo mwanafunzi wa Dar es Salaam anapimiwa kazi yake kwa shiti ya Ulaya.

MWALIMU: Ningewatuma wanafunzi wangu kesho wakapime. Ni zoezi zuri kuliko mengi tunayowapa.

FUNDI: Wakija kwangu nitawauliza nani amewatuma, na wenzangu wengi watafunga mlango. Mwenye karakana anaogopa orodha. Leo umeandika nina mashine tatu, kesho kuna mtu wa makadirio ya kodi, kesho kutwa kuna ada mpya. Na hata hao wasipokuja, mashine yangu ya kukunjia niliyoitengeneza mwenyewe, inayokunja urefu ambao majirani hawawezi, ndiyo mkate wangu. Mteja anakuja kwangu kwa sababu wengine wamemwambia haiwezekani. Ukiiandika kwenye faili la bure, umenisaidia nini?

MHANDISI: Umepata michoro inayokufaa. Leo unapokea michoro ya 1,250.

FUNDI: Na nikipokea mchoro wa 1,250, namwambia mteja shida iko wapi, tunakaa, tunarekebisha pamoja, na ananijua. Faili halitamfanya anijue. Ataona namba, ataona karakana sita zinazoweza, ataenda kwa mwenye bei ya chini.

MNUNUZI: Ndivyo ninavyonunua kila kitu, fundi. Mkaa, chumvi, ndoo. Kwa nini oveni iwe tofauti?

FUNDI: Kwa sababu mkaa hauharibiki usiku ukapiga simu.

MWALIMU: Fundi, hofu yako ya kodi siipuuzi, na siwezi kukuahidi kitu kwa niaba ya serikali. Lakini ulichosema kuhusu mashine uliyoitengeneza kinaniumiza kwa namna nyingine. Huna mwanafunzi anayeijua vizuri. Siku ukiacha kazi, ile mashine itauzwa kwa kilo.

FUNDI: Nina kijana mmoja.

MWALIMU: Mmoja.

MNUNUZI: Jamani, mimi nina oveni sitini, na fedha za kikundi ziko benki. Programu imepitisha. Mlango ukigoma kufunga kwenye oveni ya arobaini, nani ametia sahihi? Programu siwezi kuipeleka baraza la kata.

MHANDISI: Natia sahihi mimi kwenye mchoro. Lakini kwa sharti: kila oveni ichomelewe kwenye jigi, na kila trei ipite kwenye kipimo cha ndiyo au hapana kabla haijatoka. Isipopita hairekebishwi kwa nyundo, inarudi.

FUNDI: Natia sahihi mimi kwenye kazi. Kwa sharti: shiti zinunuliwe mara moja, zote duka moja, nikiwepo na venia yangu mkononi. Na boliti zibaki. Na tundu la bawaba nichague mimi nitoboe lini.

MHANDISI: Tundu likiwa kwenye jigi, toboa utakapo. Hilo nakuachia.

MNUNUZI: Jigi inagharimu kiasi gani?

FUNDI: Ya kweli, isiyopinda kwa joto, chuma chake ni kizito. Bei yake ni kama oveni tatu hivi.

MNUNUZI: Hiyo sikuiweka kwenye bajeti.

FUNDI: Nitalipa nusu. Lakini ibaki karakana kwangu.

MHANDISI: Ikibaki kwako, na oda ya Mafia ikaja, karakana ya pili itachomelea kwa nini? Jigi ndiyo kanuni yetu ya kwanza ya kweli, vipimo vyake vyote vimetoka hapa. Inatakiwa ichorwe, mchoro wake uwekwe wazi, kila karakana ijitengenezee.

FUNDI: Mchoro wa jigi niliyoilipia nusu?

MNUNUZI: Na nusu nyingine ni ya kikundi. Kwa hiyo kwenye mchoro huo na sisi tuna neno.